Kodi Isiyoliwa

Tulikuwa na vyumba vitano, na sisi tulilala jikoni. Nikiwasimulia wanangu wanadhani natia chumvi, maana wanajua ninavyopenda kuongea. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Vyumba vitano vya miti na udongo, vimeezekwa bati, vimejipanga mstari mmoja kutoka kwenye mawe makubwa ya Igogo, mtaa wa Mwanza, kushuka kuelekea ziwani. Kila kimoja kilikuwa na mlango wake, kufuli lake na mpangaji wake. Huku juu, ubavuni mwa mawe, kulikuwa na banda la jiko lenye ukuta pande tatu, na humo ndimo mama, mimi na mdogo wangu wa kiume tulimotandika mkeka baada ya kuzima moto. Nilikwenda shule nikinuka moshi. Wenzangu wakaniita samaki mkavu, na kwa kuwa sikuzaliwa na moyo wa kunyamaza, nilipigana karibu kila wiki.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alikaa barazani pa duka la Mhindi mmoja katikati ya mji, akashona suruali za makuli wa bandarini na kanzu za Ijumaa. Kwao ni kisiwa cha Ukerewe. Aliugua homa, akafa ndani ya wiki mbili, mdogo wangu akiwa bado ananyonya. Cherehani haikuwa yake, ilibaki pale pale barazani na mtu mwingine akaikalia wiki iliyofuata. Alichotuachia ni kiwanja alichopewa na boma la serikali, chumba kimoja alichokijenga kwa mikono yake, na hilo banda la jiko.

Siku ya hitima ya arobaini, kaka yake baba, ambaye mimi namwita baba mkubwa, alisimama mbele ya watu akasema maneno yake. Hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke tangu mapema, maana kwa miaka mingi nilimfanya mbaya. Alisema mama bado kijana na mji anaujua, basi awalee watoto hapa hapa Mwanza, yeye hana haraka. Lakini mtoto wa kiume lazima alale chini ya paa la maana, ndani ya chumba, kama watoto wa watu. Siku mama atakaposhindwa hilo, atamchukua akamlee Ukerewe na wanawe. Kuhusu mimi hakusema neno. Mimi nilikuwa msichana, na nilikuwa na akili ya kutosha kuelewa kwamba sikuwa katika mashindano hayo.

Watu walipotawanyika mama aliosha vyombo vya hitima mpaka alasiri. Kisha akatoa kitanda chumbani, akakiuza kwa jirani, akahamishia mkeka jikoni. Kesho yake chumba cha baba kikaingia mpangaji, kuli wa gatini na mkewe. Nilimuuliza mama kama amerukwa na akili, baba mkubwa ametaka tulale chumbani na yeye anatutoa chumbani. Alinijibu kwamba chumba kimoja hakitoshi kumlinda mtoto. Chumba kimoja kikianguka umekwisha. Alitaka vyumba vingi, na hakuwa na kitu kingine cha kuvizaa isipokuwa hicho kimoja.

Tangu siku hiyo kukawa na sheria moja nyumbani: kodi hailiwi. Chakula chetu kilitoka kwenye uji wa mtama aliouuza stesheni ya reli, sufuria kubwa kichwani, mdogo wangu mgongoni. Uji ukibaki tulikula uji. Uji ukiisha wote tulishukuru Mungu na kula dagaa. Kodi ya chumba haikununua hata chumvi. Na ili asije akashawishika, mama alibuni njia ambayo sijaiona kwa mwenye nyumba mwingine yeyote: alikataa kupokea fedha mkononi. Kuli alilipa kwa mabati. Alikuwa na jamaa yake kwenye duka la vifaa, kila mwezi alileta bati moja, mwezi mwingine misumari, na mama akavipanga nyuma ya jiko juu ya mawe. Alisema fedha ina miguu, bati halitembei kwenda kununua sukari.

Hapo mwanzo ilikuwa mateso matupu, na sitawadanganya vijana wanaokuja kwangu leo kuniuliza namna ya kuanza nyumba za kupangisha. Chumba cha kwanza kilihangaika peke yake mwaka na nusu. Mwaka na nusu wa kutazama bati moja likiongezeka juu ya jingine, tumbo linanguruma, majirani wanatucheka kwamba mjane wa fundi anafuga mabati. Mdogo wangu alianza kutembea katika mwaka huo. Alianza pia kukohoa.

Kisha chumba cha pili kikasimama, upande wa chini wa kile cha kwanza. Akaingia fundi mwashi, mtu wa makamo asiye na mke, na mama akakubaliana naye kwamba hatalipa chochote isipokuwa siku zake za kazi. Sasa tulikuwa na mabati yanayoingia na mikono inayojenga. Cha tatu hakikungoja mwaka na nusu, kilichukua miezi tisa. Akaingia mvuvi Mjita, ambaye kodi yake ilikuwa miti, fito na mchanga, anavivusha kwa mtumbwi wake kutoka visiwani. Cha nne kikachukua miezi sita, ikaingia familia moja. Cha tano, sikumbuki vizuri, lakini mvua za masika zilikikuta bado hakina udongo na kabla ya pamba kuanza kuuzwa kilikuwa na mtu ndani, karani wa kiwanda cha kuchambua pamba. Huyo peke yake alilipa fedha, na saa ile ile nilitumwa dukani kuigeuza misumari.

Mama hakusoma. Alinionyesha hesabu yake kwa punje za mahindi juu ya mkeka. Punje moja peke yake, halafu akahesabu vidole vingi kabla ya kuweka ya pili. Halafu vidole vichache, ya tatu. Vichache zaidi, ya nne. Akaniambia nitazame mikono yake na nisitazame punje, kwa sababu kinachobadilika ni muda wa kungoja. Vyumba vyenyewe ndivyo vilivyokuwa vikijenga, sisi tulikuwa tunavipisha tu. Akachukua punje ya pili akaitia mdomoni, akaitafuna, akaniuliza yeye amekula punje ngapi. Nikasema moja. Akafuta mkeka wote kwa kiganja. Ukila kodi ya mwezi mmoja leo, alisema, umekula na kila kitu ambacho ule mwezi ungezaa mpaka kufa kwako.

Sijawahi kusikia mtu wa benki akieleza jambo hilo vizuri kuliko yeye. Na sijawahi kuona jambo la kweli likimharibia mtu maisha kama lile lilivyomharibia mama.

Kwa sababu kila chumba kilipokamilika nilimuuliza, je, tunahamia? Na kila mara alijibu, bado kimoja. Tukihamia sisi kwenye cha tatu, cha nne kitachelewa miezi mitatu. Tukihamia cha nne, cha tano kitachelewa. Hakuwahi kusema hapana. Mdogo wangu alikuwa na mchezo wa kwenda kwenye milango ya wapangaji kuifungua na kuifunga, kuifungua na kuifunga, mpaka anafukuzwa. Jiko letu halikuwa na mlango. Usiku moshi uliobaki kwenye makuti ulimshuka kifuani, na asubuhi mama alimsugua kwa mafuta ya ng'ombe huku akimwambia avumilie kidogo.

Baba mkubwa alikuja kila mwaka baada ya kuuza pamba yake. Alishuka kwenye meli na kuku wawili na mfuko wa viazi, akaketi kwenye kigoda mbele ya jiko, akasikiliza kifua cha mtoto. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, r na l hazikutulia mahali pake. Mwaka wenyewe wa Uhuru alivitazama vile vyumba vitano kwa muda mrefu.

“Shemeji,” alisema, “vyumba vitano. Na mtoto wa ndugu yangu anarara jikoni.”

“Cha sita ni chetu, shemeji.”

“Uliniambia cha tano.”

“Cha sita. Ukija tena utamkuta ndani.”

Alifikiri, akakubali. Akasema atakuja baada ya sherehe za Uhuru, na akimkuta mtoto jikoni ataondoka naye, na hapatakuwa na maneno. Mama akasema sawa. Alimfunga kuku miguu fundo juu ya fundo, lakini mimi nilifurahi kupita kiasi, maana safari hii ahadi ilikuwa na shahidi.

Cha sita kilikuwa cha chini kabisa. Juu kulikuwa na mawe ambayo hata moto na nyundo vingeshindwa kuyavunja, kwa hiyo kila chumba kipya kilisogea hatua kumi na kitu kuelekea majini, na cha sita kilifika mwisho wa kiwanja, penye jiwe la mpaka la boma. Kutoka hapo mpaka ukingoni palikuwa na majani na mahali pa kuanikia nyavu. Hakuna aliyeona tatizo. Ziwa letu si bahari, halijai na kupwa. Tuliujua ukingo wake kama tunavyojua mlango wa jirani, na mvuvi wetu mwenyewe, aliyeishi juu ya maji, ndiye aliyeleta mchanga wa kujengea huko chini. Tuliona ni bahati kuwa na kiwanja kinachoteremka taratibu, kwa sababu udongo laini ni rahisi kuchimbwa.

Mvua za mwaka ule kila mtu wa umri wangu anazikumbuka. Zilianza kama vuli ya kawaida zikasahau kukoma. Bendera mpya ilipandishwa mjini, tukaimba shuleni tumelowa, nikarudi nyumbani nimejaa furaha ya watu wengine. Mama alikuwa ndani ya chumba cha sita. Kuta zilikuwa zimekamilika, bati limepigwa, fundi mwashi alikuwa ametundika mlango siku mbili kabla. Mama alisimama kwenye kona akikanyaga sakafu kwa kisigino, na kila akikanyaga unyayo wake ulijaa maji. Mvua haikuwa imeingia. Maji yalitoka chini, ziwa lilikuwa limepanda.

Fundi mwashi akamwambia wazi, mbele yangu. “Mama, ng'oa bati leo. Ng'oa na mlango. Huu ukuta unakunywa maji, ukishiba unaanguka.”

“Patakauka,” mama akasema.

“Na lisiporudi ziwa?”

“Litakwenda wapi? Patakauka.”

Badala ya kubomoa akaongeza. Kodi ya miezi miwili ya wapangaji wote ilikwenda kwenye sakafu ile: mawe, mchanga, mawe tena, na ukuta mdogo wa kuzuia maji upande wa ziwa. Mimi na yeye tulibeba mawe kutoka juu tangu alfajiri mpaka wakati wake wa kwenda stesheni. Sikuwahi kumwona anaomba mtu, lakini alikuwa akiongea na yale maji, kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mdai. Alikuwa na chumba kimoja tu duniani kilichokuwa na jina la mwanawe, na kilikuwa kinayeyuka. Siku moja nikiwa shule ukuta wa upande wa ziwa ulilala. Niliporudi bati lilikuwa ndani ya matope na mama amekaa juu ya mlango, ameulaza chini, anatazama.

Baada ya hapo hofu ilipanda mlima chumba kwa chumba. Karani wa pamba alihama cha tano kabla maji hayajafika kizingitini, akisema vyura wanamnyima usingizi. Mvuvi na familia ya chumba cha nne nao wakaondoka wiki ile ile, vitanda kichwani. Mvuvi alikuwa na aibu, akatuachia kambare wawili.

Na hapo, kwa kuwa cha tatu na cha nne bado alitumaini kuvipangisha, ila chumba cha tano hakuna ambaye angekipanga, mama akatuambia tuhamie. Ndivyo tulivyoingia chumbani. Sakafu ilikuwa baridi na inateleza, ukuta umebadilika rangi mpaka usawa wa goti, mbu wengi hata tukila tulikuwa tunawatema. Mdogo wangu alifunga mlango akaufungua, akaufunga tena, hakuna aliyemfukuza. Alicheka mpaka akakohoa. Tulikaa humo siku kumi na moja, na siku ya nane akashikwa na homa.

Baba mkubwa alitukuta hivyo. Mama alikuwa amepiga deki, ametandika shuka safi, amemkalisha mtoto kitandani pa kuazima amefungwa shuka shingoni. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Aliweka kiganja kwenye paji la mtoto. Kisha akaweka kiganja kile kile ukutani, na udongo ukabaki mkononi mwake.

“Shemeji, mimi sikulaumu,” alisema. Nadhani angetukana ingekuwa nafuu.

Mama alipiga magoti. Hakupiga magoti siku baba alipokufa, lakini siku hiyo alipiga. Akasema, “Nipe miezi tisa. Nina viwili vimebaki, vya juu, vimekauka. Viwili vinazaa kimoja kwa miezi tisa. Nitajenga mbali na maji.”

“Basi miezi tisa nitakuwa naye mimi. Ukimaliza, uje umchukue.”

Nilimvuta mama nje. Nilikuwa na miaka kumi na tano na nilizungumza naye kama ninavyozungumza na mtu wa rika langu. Nikamwambia amtoe kuli kwenye chumba cha kwanza sasa hivi, chumba kikavu, chumba cha baba, kimeegemea mawe, ziwa haliwezi kukifikia hata lifanye nini. Tuingie sisi. Baba mkubwa ataona, atamwacha. Jambo lote lilikuwa dogo hivyo. Mama alinitazama na nikaona vidole vyake vinahesabu pembeni ya kanga.

“Nikimtoa kuli nabaki na kimoja,” alisema. “Kimoja ni mwaka na nusu.”

“Mama, anamchukua leo.”

“Miezi tisa anarudi. Miezi tisa si kitu.”

Nilimchukia. Nasema wazi kwa sababu nimeuchoka uongo wa watu wanaosema hawakuwahi kuwachukia wazazi wao. Mdogo wangu aliondoka mgongoni kwa baba mkubwa, homa imemlegeza, hakulia. Mama aliwasindikiza mpaka bandarini, akarudi, akachukua nyundo, akaanza kung'oa bati la chumba cha tano.

Tulivua mabati ya vyumba vitatu, tukayabeba mpaka juu ya mawe. Misumari tuliinyoosha mmoja mmoja. Wiki chache baadaye chumba cha pili nacho kikaanza kutoa jasho sakafuni, na fundi mwashi akahama, ingawa alituahidi siku zake za kazi popote tutakapojenga. Kikabaki cha kwanza na kuli wake. Ile miezi tisa ikawa imekufa kabla haijaanza.

Mama hakusimama. Alikwenda Buzuruga, ambako wakati ule palikuwa mashamba ya mihogo na mpunga, mbali na ziwa, akamwona mwanangwa, mkuu wa kijiji wa Kisukuma, akampelekea mabati sita na kitambaa cha shuka, akapewa ardhi. Fundi mwashi alitimiza neno lake. Mwaka haujaisha tulikuwa na chumba kimoja kipya, kikavu, chenye mlango uliookolewa Igogo. Nilikifagia mwenyewe. Nikamwambia mama, haya, meli ya Ukerewe inaondoka kesho asubuhi.

“Bado kimoja,” akasema.

Akakipangisha kwa mwuza ng'ombe. Mahesabu yake hayakuwa na kosa, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Cha Igogo na cha Buzuruga vilikuwa viwili, vikazaa cha tatu. Vitatu vikazaa cha nne haraka zaidi. Akaniambia safari hii hatajenga juu ya kamba nyembamba, mtoto hatarudishwa akachukuliwa tena, lazima viwe vingi kiasi kwamba hata vikianguka viwili asiguswe. Nilimwomba basi walau aende kumtazama. Nauli ya meli, alisema, ni misumari ya chumba kizima. Hakwenda. Alituma salamu kwa wasafiri, na mara moja alituma shati, kubwa kupita kiasi, akikisia urefu wake. Mimi niliajiriwa kufua kwenye chuo cha ualimu cha Butimba, mshahara wangu nao ukageuka miti. Ningekataa, lakini nilikuwa nataka mdogo wangu arudi, na njia pekee iliyokuwapo ilikuwa ile ile iliyomwondoa.

Mpaka leo naweza kukuonyesha kwa punje za mahindi kwamba mama alikuwa sahihi. Kinachozaa kinataka muda, na usikiguse. Punje zile hazikuwa na mahali pa kumweka mtoto ambaye naye alikuwa anatumia muda ule ule, anaota meno, anajifunza kulima, anajifunza nani anaitwa nani.

Ilikuwa miaka mitano. Buzuruga tulikuwa na vyumba sita, na cha sita hakikupangishwa. Mama alinunua kitanda cha mbao kwa fundi, kitanda cha kwanza tangu auze cha baba, na godoro la pamba, na chandarua. Akapaka chokaa ukutani mara mbili. Alimwandikia baba mkubwa, yaani mimi niliandika, kwamba chumba kiko tayari, anaomba mtoto. Nilipoandika neno “tayari” alinitaka nimwonyeshe ni lipi, akaligusa kwa kidole.

Walikuja kwa meli, wakatembea kutoka bandarini. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi, mrefu, miguu ya mtu anayelima, kifua kimepona kabisa. Alisimama nyuma kidogo ya baba mkubwa.

“Shikamoo, mama wa Mwanza,” alisema.

“Marahaba,” mama akaitikia. Nilimwona akisubiri kama kuna neno jingine, halafu akaona halipo.

Alimshika mkono akamzungusha. Akafungua kila mlango uliofunguka, akabisha uliofungwa, akamwambia hiki ni chako, na hiki ni chako, na hiki. Wapangaji wakatoka kumsalimia. Mdogo wangu alisema asante kila mlango, kwa adabu, kama mtu anayegawiwa chakula ugenini. Kwenye chumba chenye kitanda alikaa ukingoni mwa godoro, akalibonyeza, akauliza ni nani anayelala humo. Mama akasema wewe. Akauliza, peke yangu? Kule Ukerewe walilala watoto wanne kitanda kimoja.

Alikaa siku tatu. Usiku wa kwanza alihamia kulala chini, kwenye mkeka wa baba mkubwa. Aliniuliza kwa Kikerewe jambo ambalo sikulielewa, akarudia kwa Kiswahili, kama mama atakuwa amewapeleka mbuzi malishoni. Ilinichukua muda kujua anamsema mama yupi. Siku ya tatu baba mkubwa, ambaye nilikuwa nimemtengenezea maneno makali miaka mitano, alinivuta kando, macho mekundu, akasema hataki kumnyang'anya mtu mtoto. Akamwita mdogo wangu mbele ya mama, akamwambia hapa ni kwenu, kaa ukitaka, na ukitaka kurudi hakuna atakayekukasirikia.

Mdogo wangu aliinuka. Aliingia chumbani, akatoka na kifurushi chake, akasimama karibu na baba mkubwa, akitazama chini. Alikuwa anaona aibu kwa ajili yetu.

Mama hakupiga magoti. Alimpa viazi vya njiani na akamfunga vizuri kifurushi ambacho hakikuwa kimelegea. Hakusindikiza. Alikaa kizingitini mpaka jua lilipofika miguuni pake, kisha akanituma kwa mwalimu mmoja aliyekuwa ameulizia chumba wiki iliyopita. Mwalimu alikuja kabla ya magharibi na sanduku lake la vitabu. Alitazama ndani, akaridhika, akauliza kitanda kinatoka au kinabaki. Mama akasema kinabaki, ila kwa sababu hiyo kodi itapanda kidogo.